Fundi Kondo, aliyezijua sauti za mabaa ya Temeke

Jamani, akili yangu bado inakataa. Jana saa moja asubuhi simu imeingia, Zuhura, binti yake, ananiambia, "Da Neema, baba hatunaye." Nikamuuliza, "Baba yupi?" Kana kwamba anao wawili.

Fundi Kondo wetu wa Tandika ametutoka. Kaswali alfajiri, kajinyoosha kidogo kitandani, hakuamka tena. Alasiri hiyo hiyo akazikwa.

Kwa msiomjua: alikuwa fundi wa spika na amplifaya. Enzi za ujana wake, bar yenye bendi Temeke au Kinondoni ilikuwa lazima imwite. Anafika mchana, anafunga waya, anapima maiki, anatoka kwenda kuswali alasiri, anarudi kuwangoja wapiga muziki. Miaka yote hiyo ndani ya mabaa, pombe hakuonja hata funda.

Mie natengeneza vipindi vya redio. Miaka minne iliyopita boss wangu alitaka kipindi cha mabaa ya zamani. Kila niliyemhoji alikumbuka bia na ugomvi. Fundi Kondo alikumbuka mapaa.

"Makuti yanameza besi," aliniambia. "Bati linakurudishia makelele usoni. Kila bar ina sauti yake, binti."

Nikadhani ananipiga fiksi. Nikamwomba atoe kanda tatu alizorekodi mwenyewe mabaani, zisizo na maandishi yoyote, nikamvalisha headphones.

Ya kwanza haikufika dakika. "Hii Kinondoni, kwa yule Mchaga mrefu. Sikia makreti, stoo ilikuwa nyuma ya jukwaa."

Ya pili: "Temeke, Nyota Njema. Hilo feni linagonga, panga lake moja lilipinda." Nikaisikiliza tena. Kweli bwana. Tik, tik, tik.

Ya tatu alikosea, mwishoni mwimbaji mwenyewe aliitaja bar, na Fundi akanuna mpaka jioni.

Nisimpambe, alikuwa mbishi haswa. Nikimwambia deadline ni Ijumaa, ananijibu, "Ijumaa nina swala." Kanda zake haruhusu mtu azishike, hata Zuhura.

Sasa niwasimulie siku moja tu, mjue tumempoteza mtu wa namna gani.

Tulikuwa hewani, live, Fundi kando yangu. Akapiga simu dada mmoja wa Mbagala, anaitwa Rehema. Akasema baba yake alikuwa anapiga tarumbeta Nyota Njema, akaugua ghafla akafariki, yeye Rehema akiwa bado tumboni mwa mama. Picha hana. Mama naye alishatangulia. "Naomba tu kuuliza, kuna anayemkumbuka? Walikuwa wanamwita Sefu Mapafu."

Fundi Kondo akavua headphones, akaziweka mezani. Dead air, redio nzima haitoi sauti, boss ananipungia mikono nyuma ya kioo.

Halafu akasogelea maiki. "Mwanangu, Jumamosi una nafasi? Njoo Temeke."

Siku nne hakupokea simu yangu hata moja. Zuhura akaniambia, "Kajifungia na magunia ya kanda. Hata chakula tunampelekea huko huko."

Jumamosi nikamkuta yeye na Rehema mbele ya duka la mabati. Hapo ndipo ilipokuwa Nyota Njema. Hamna alama hata moja iliyobaki. Macho ya Fundi mekundu, vidole vimegandwa na selotepu. Kanda aliyokuwa akiitafuta ilikuwa imekatika sehemu tatu, kaiunga kwa mkono.

Akamwomba mwenye duka azime mashine ya kukatia mabati. Kijana wa watu akazima bila swali. Fundi akatembea katikati ya mabati, anahesabu hatua, akasimama. "Jukwaa lilikuwa hapa." Akaweka spika yake ndogo chini, pale pale.

"Rehema, simama upande huu. Hapa ndipo nilipokuwa mie."

Akabonyeza.

Kwanza mkwaruzo. Halafu sauti ya mwanamume, ya kijana, iko karibu kabisa: "Hallo, hallo. Kondo, fanya haraka ndugu yangu. Mke wangu kasema leo nisirudi bila embe mbichi."

Watu nyuma wakacheka. Halafu tarumbeta, pumzi moja ndefu, ikapanda, ikapanda, mpaka nikajikuta mie ndiye nimeishiwa pumzi. Basi. Kanda ikaisha.

Mteja mmoja alikuwa kavua kofia.

Rehema hakulia mara moja. Alisema, "Rudisha, mjomba." Akarudisha. "Rudisha." Akarudisha tena.

Mara ya nne akashika tumbo lake mwenyewe, akasema taratibu, "Hilo embe lilikuwa langu mie."

Hapo ndipo sote tulipomwaga machozi, mpaka mwenye duka.

Njiani nikamuuliza Fundi kwa nini alikuwa anarekodi wakati wa kupima maiki. Akainua mabega. "Nilitaka kujua kama waya umeshika. Sikujua kama nilikuwa natunza watu."

Jana Tandika nimeona maajabu mengine. Uani tulikaa pamoja akina mama wa msikitini na wahudumu wa zamani wa mabaa, bibi zetu sasa, wamejifunga kanga. Mmoja akaniambia, "Yule alikuwa akitusalimia kwa majina yetu halisi. Wateja walituita tu psii, psii." Rehema alikuwa jikoni, anageuza wali wa msiba kama mtoto wa nyumbani.

Fundi, shikamoo. Mie ni mtu wa maneno kwa kazi yangu, na leo yamenikauka. Nilidhani nimekuja kukuhoji kwa saa moja tu, ukanifundisha kusikiliza mji wangu mwenyewe.

Mwenyezi Mungu akupokee kwa upole. Pumzika sasa, baba yangu. Ulale pema.