Pua ya Mama Fremu

Pale kituo cha utafiti wa mimea, jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika. Miaka ishirini na mbili alizunguka kilimani na fremu ya mbao, mita moja kila upande. Anailaza chini, anapiga magoti, anahesabu kila mche ulio ndani, anaandika, ananyanyuka, anasogea. Wakamwita Mama Fremu, naye akaitika. Siku hizi kupiga magoti kulikuwa rahisi. Kunyanyuka ndiko kulikohitaji mashauriano.

Mimea iliyowatoa jasho pale ilikuwa miwili. Mmoja ni kichaka cha asili ya kilima kile, wafanyakazi wakakiita Mwenyeji. Mwingine uliletwa zamani kama ua la bustani, ukaruka uzio, ukasambaa mpaka ukafunga njia. Huo wakauita Mgeni. Wakikua, hata kipofu atawatofautisha, maana Mgeni ana miiba. Lakini wakiwa wachanga, urefu wa kidole, ni mapacha: jani lilelile, meno yaleyale pembeni. Dawa ni moja tu. Unachuma jani, unalifikicha, unanusa. Mgeni ananuka mkojo wa paka. Mwenyeji hanuki kitu.

Kiangazi kilichopita walichoma upande wa chini wa kilima, kusudi waone moto utampendelea nani. Mvua ikanyesha, miche ikachipua. Mama Fremu akapita miraba arobaini waliyoitenga huko, akifikicha na kunusa, wiki tatu nzima. Majibu yakamfurahisha kila mtu: Wenyeji tele, Wageni wa kuhesabu kwa vidole. Mkuu wa kituo, kijana msomi aliyemheshimu kama mama yake mzazi, akasema mvua zimekatika na nyasi zimekauka, basi Alhamisi wachome na upande wa juu. Na huko juu ndiko walikobaki Wenyeji wakubwa, wale wa mwisho, Wageni wamejipenyeza katikati yao.

Jumanne jioni Mama Fremu alirudi nyumbani hoi. Akajibwaga kwenye kiti cha jikoni, akavua viatu, akafumba macho. Mara mumewe, fundi cherehani mstaafu, akaingia mbio kutoka uani.

"We mwanamke! Maziwa yanaungua, wewe umekaa tu?"

"Maziwa gani?"

"Maziwa gani! Jirani kauliza kama tunachoma matairi!"

Alifumbua macho. Sufuria ilikuwa nyeusi, hatua mbili kutoka alipokaa. Alichukua kitunguu, akakikata, akakileta puani. Machozi yakamtoka, harufu hakuna. Akafungua chupa ya mafuta ya taa. Hakuna. Akainua soksi zake za kutwa.

"Hizo usizilete huku," mumewe akasema, akirudi nyuma.

"Zinanuka?"

"Zinaomba kuzikwa."

Akakumbuka mafua ya msimu wa baridi, yaliyomlaza wiki mbili. Tangu hapo chakula hakikuwa na ladha, naye akawa analaumu mapishi ya mumewe, kimoyomoyo, asimvunje moyo. Halafu akaikumbuka ile miche. Kama pua haisikii kitu, basi kila mche alioufikicha, kwake ulikuwa Mwenyeji. Wageni wachache aliowaandika ni wale waliowahi kuota miiba.

Akamweleza mumewe yote.

"Si uwaambie," mume akasema, akikwangua sufuria.

"Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Niende nikaseme pua imekufa, hesabu zangu ni takataka?"

"Basi nyamaza, wachome."

Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana ilimuuma.

Asubuhi ya Jumatano alimshika mkono dereva wa kituo, mtani wake wa siku nyingi, akampeleka mpaka mraba wa kwanza. Akachuma jani, akalifikicha.

"Nusa."

"Mama, hata chai sijanywa."

"Nusa, baba."

"Lo! Hapa paka kafanya mambo yake!"

Dereva akanusa miche kumi. Minane ilikuwa ya Mgeni. Sasa kila kitu kikaeleweka: mbegu za Mgeni zilikuwa zimelala udongoni, joto la moto likaziamsha, na visiki vyake navyo vikachipua upya. Mwenyeji, mwenye gome jembamba na mbegu chache, aliungua akaisha. Moto haukumsaidia. Ulimfagia, ukamwachia mwenzake nyumba.

Nje ya ofisi vijana walishaanza kujaza maji mitungi ya mgongoni ya kudhibiti moto, tayari kwa kesho. Mama Fremu akapita katikati yao, akaingia bila kubisha.

"Usichome huko juu," akasema. "Sisikii harufu, mwanangu. Sijui tangu lini, labda tangu mafua yale. Hesabu niliyokupa si ya kweli."

Mkuu wa kituo akamtazama, akaitazama ripoti mezani.

"Mama, hii nimeshaituma."

"Tuma nyingine."

"Watauliza nani alihesabu."

"Jina langu lipo hapo. Usilifute."

Kijana akasugua macho kwa viganja, muda mrefu. Kisha akaenda dirishani, akawaambia vijana wamwage maji. Hakumwambia Mama Fremu pole, wala hakumgombeza. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyekosa usingizi, kwamba miraba yote irudiwe, dereva ndiye anuse. Na Mama Fremu mwenyewe, akitoka hapo, aende kwa daktari wa pua.

"Daktari Ijumaa," akasema Mama Fremu. "Nikikaa leo, kesho sitainuka."

Saa nne jua lilikuwa limeshapanda. Akalaza fremu kwenye mraba wa kwanza, akapiga magoti, akachuma jani la kwanza na kumnyooshea dereva, kalamu mkono wa pili.

"Mgeni," dereva akasema.

Akaandika.

"Mgeni. Huyu naye Mgeni. Mama, iko mingapi hii?"

"Miraba arobaini."

"Mungu wangu."

"Nusa, baba. Huyu je?"

Dereva akanusa, akanusa tena. "Huyu hana kitu."

Mama Fremu akamwandika Mwenyeji, akauzungushia mche huo vijiwe vitatu usije ukakanyagwa, akachuma jani lingine.