Jina Nililolifuta Ubaoni

Sifa zote ni za Mungu, aliyenilisha kwa mikono hii miwili hadi mvi zikaniota, akanivumilia hata siku niliyowaogopa watu kuliko nilivyomwogopa yeye. Ninawaandikia ninyi vijana mnaofanya kazi leo bila kujua kama mmeajiriwa au la.

Siku yangu ya kwanza kiwandani, kiwanda cha kukamua alizeti pembeni mwa mji wa Singida, nilifika alfajiri nikitokea Unyambwa kwa miguu. Getini palikuwa na ubao mweusi. Msimamizi wa zamu akauliza, "Nani ana mwandiko mzuri?" Nilikuwa nimesoma shule ya misheni Kilimatinde, nikanyoosha mkono. Akanipa chaki.

Tangu hapo, kila asubuhi alinitajia majina nami nikayaandika. Aliyeandikwa aliingia, asiyeandikwa alirudi nyumbani. Jioni nilifuta ubao. Hapakuwa na daftari wala mkataba. Tuliitwa vibarua, hata tuliokuwa pale miaka tisa.

Nilianza kwenye mashudu, yaani makapi yanayobaki mbegu ikishakamuliwa, kisha nikahamishiwa kwenye chujio la mafuta. Kote huko hofu ilikuwa ileile: kesho nitatajwa? Ukiugua, ulificha. Ukiumia kidole, ulikifunga kitambaa ukaendelea.

Mwendesha mashine aliitwa Saidi. Kila asubuhi alinitania, "Katibu, niandike kwa herufi kubwa, wasije wakasema hawakuniona."

Mchana mmoja mkanda unaozungusha mashine ulimvuta mkono. Nilisikia mlio wa mashine ukibadilika, kisha sauti yake. Tulizima, tukamtoa, akapakiwa kwenye pikapu. Pikapu haijatoka getini, msimamizi akanishika bega.

"Futa jina lake."

"Bosi, mtu bado anavuja damu."

"Futa. Au tufute la kwako?"

Dasta sikuiona. Nililifuta kwa mkono wa shati.

Nilipokwenda hospitali jioni ile, mkono wa Saidi ulikuwa umekatwa chini ya kiwiko. Mkewe akaniambia, "Shemeji, kiwandani wanasema hawamjui. Eti alikuwa anapita tu. Asipotambuliwa kuwa mfanyakazi, hatapata matibabu wala fidia. Tutaishije?" Saidi aliutazama mkono wa shati langu, wenye weupe wa chaki. Niliogopa macho yale kuliko nilivyomwogopa msimamizi.

Mkewe alikwenda kwa afisa kazi, yule wa serikali anayesimamia haki za wafanyakazi. Afisa akaja, tukakusanywa uani. Meneja akasema, "Huyo alikuwa anajitegemea. Anauza nguvu zake popote."

Afisa akatugeukia. "Nani alimpangia saa za kazi? Mashine ni ya nani? Nani alimwamuru afanye nini?"

Kila mtu alitazama viatu vyake. Nyumbani nilikuwa na watoto watano. Niliomba kimyakimya, kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe.

"Jina lake nililiandika mimi asubuhi ile, kama kila asubuhi. Na niliyelifuta ni mimi, alipokwisha kuumia. Niliamriwa."

Meneja akacheka. "Na wewe ni nani hapa? Una barua ya ajira?"

"Hana," akasema afisa kazi. "Karatasi ikikosekana, ninatazama kazi yenyewe. Endelea, mzee."

Nikaeleza yote. Baada yangu akasema mwingine, kisha mwingine.

Saidi alitambuliwa kuwa mfanyakazi, akapata haki yake. Siku iliyofuata ushahidi wangu, chaki ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine, na jina langu halikutajwa. Nilihamia kijiji cha Mkiwa kwenye mashine ndogo ya kukamua, nikafanya kazi huko mpaka macho yakachoka. Nilistaafu bila barua. Nashukuru nilistaafu na vidole kumi; hata leo nikishika chaki kumfundisha mjukuu herufi, naanza na S kubwa, ya Saidi.

Nilimwomba Saidi msamaha. Akanivutia kigoda, akasema, "Keti, Katibu. Chai ipo."

Vijana wangu, ombeni mkataba. Mkinyimwa, kila mmoja awe na daftari lake nyumbani: siku, kazi, na aliyemwamuru. Msiache mwingine awe pekee mwenye kuandika kwamba mlikuwepo.

Nawe unayesoma, Mungu ailinde mikono yako, akupe mwajiri anayemcha, na jina lako aliandike mwenyewe, mahali ambapo hakuna mkono wa kulifuta. Amina.