Neno Nililolimeza Chini ya Lori

Aibu hii ni yangu, na kwa kuwa mmeanza kuisimulia bila mimi, tena kwa kuongeza chumvi, afadhali muisikie kutoka kwa aliyemwagiwa hiyo oili. Ilikuwa tarehe 11 Juni mwaka jana, nikiwa mgeni bado katika kujifunza ufundi wa magari kwa Fundi Masanja hapa Bariadi mjini, nami nilikuwa mwanamke wa kujiheshimu sana (bado ninajiheshimu, lakini wakati ule nilizidisha), mjane niliyemaliza kidato cha nne nikiwa nimekaa dawati moja na vijana wa umri wa wanangu, na sikuona kwa nini spana inishinde.

Nilikwenda gereji kwa sababu moja tu. Marehemu mume wangu aliniachia pikapu, na kila ilipoharibika fundi mmoja alinieleza hili, mwingine lile, nami nikawa naitikia tu. Ukweni Nkololo hawakujua kwamba mkwe wao anavaa suruali na kulala chini ya magari ya watu. Nilikusudia kumweleza baba mkwe siku nitakapoingia uani kwake na pikapu hiyo ikinguruma, na Masanja nilimwomba asiseme kitu.

Gereji yetu ina desturi. Aliye chini ya gari, ikiwa hajafunga nati inayozuia oili isitoke, akiulizwa hujibu "bado". Akikaa kimya, aliye juu humimina.

Asubuhi ile nilikuwa chini ya lori la mfanyabiashara wa pamba wa Kasoli, oili chafu nimeshaimwaga kwenye beseni, nati iko mkononi, mara nikasikia sauti ya baba mkwe. Nati ikaniponyoka, ikazama kwenye beseni.

"Kijana, vuta miguu nisije nikakukanyaga," akaniambia, nami nikaivuta, badala ya kutoka na kumsalimia inavyompasa mkwe. Hapo ndipo nilipojiponza. Nilijiambia nitalala kimya mpaka aondoke.

Kumbe alikuwa na shughuli. Alimweleza Masanja kwamba amepata mnunuzi kutoka Dutwa, kwamba pikapu ya marehemu mwanawe inaozea uani kwa mkwe wake kwa kuwa hana wa kuitazama, na akaomba fundi aende kuikagua ili iuzwe Jumamosi. Niliyasikia yote hayo nikipapasa ndani ya beseni. Masanja alikuwa ameshapanda kwenye bampa na galoni la oili mpya.

"Huko chini vipi?" akauliza.

Neno la kujibu nililijua. Nilijua pia kwamba mzee angeitambua sauti yangu. Nikanyamaza.

Oili ikapita kwenye injini, ikatokea tunduni, ikanishukia usoni, kwenye kilemba, masikioni. Nikajaribu kuziba kwa kidole gumba, ikageuza njia ikaingia kwenye mkono wa ovaroli hadi kwapani, nami (msomi wa kidato cha nne) nikapiga yowe lililowafikia akina mama wauza chai ng'ambo ya barabara.

Nilitoka kwa kutambaa. Mafundi walicheka, waendesha bodaboda wakasogea kutazama. Baba mkwe hakucheka. Sikujua la kufanya, basi nikafanya nililofundishwa: nikapiga magoti mchangani, oili ikinidondoka kidevuni, nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba."

Akaitazama suruali, akakitazama kilemba, kisha beseni.

"Mwangaluka, mayu," akaitikia, akiniita mama kama ilivyo desturi. "Kwa hiyo ni wewe utakayeitengeneza ile pikapu?"

"Ninajifunza, baba."

"Naona." Akamgeukia Masanja. "Yule mtu wa Dutwa nitamwambia abaki kwao. Na huyu mfundishe kutia oili ndani ya gari."

Tarehe 2 Novemba niliipeleka pikapu Nkololo, nikiiendesha mwenyewe. Baba mkwe alitaka kuona kwa macho yake nikibadilisha oili, hivyo nilitandika gunia palepale uani, nikaingia chini, naye akashika galoni kwa mikono miwili kama anayeshika mtoto mchanga. Nilikuwa nimeapa kwamba sitaficha tena sauti yangu nati ikiwa mkononi, hata akisimama nani juu yangu.

"Mayu, nimimine?"

"Bado, baba," nikajibu, kwa sauti iliyowatoa majirani nje.

Akasubiri.