Majina ya Walioondoka Kilvarra

Gobnait Devane alipata bahati mbili maishani, akalazimika kuchagua moja. Ya kwanza ilikuwa Tadhg Moriarty, mwenye shamba zuri na meno yote kinywani. Ya pili ilikuwa shule ya kijiji cha Kilvarra. Serikali ya Dublin miaka ile haikumtaka mwalimu mwanamke mwenye mume. Siku unayoolewa ndiyo siku unayokabidhi funguo. Gobnait akabaki na funguo. Tadhg alisubiri kidogo, akaoa kwingine, wala hakuna wa kumlaumu.

Kwa hiyo shule ile ya chumba kimoja, iliyoezekwa mawe bapa juu ya mwamba unaopigwa na bahari, ndiyo iliyokuwa mume wake na watoto wake. Na ilikuwa inamponyoka. Kilvarra ilivuja watu kama ndoo mbovu. Kila kiangazi familia moja iliuza ng'ombe wake na kufanya mkesha wa kuagana, ambao huku kwetu haukutofautiana sana na mkesha wa maiti: chai, tumbaku, fidla, na akina mama kulia kulipopambazuka, maana aliyepanda meli ya Marekani ni nadra kurudi. Jumatatu inayofuata, dawati jingine lilikuwa tupu.

Shule yenye watoto chini ya kumi ilifungwa. Gobnait akafanya walichokuwa wakifanya walimu wengi wa vijijini: hakuyafuta majina ya walioondoka. Aliyaita kila asubuhi pamoja na ya waliopo, akaandika kwamba wamehudhuria, akaendelea. Watoto walizoea. Padri alijua, akajifanya hajui.

Ikawa asubuhi moja ya mwezi wa kumi. Watoto walikuwa wamefika, kila mmoja na donge lake la udongo mweusi wa kinamasi, uliokaushwa uwe kuni, kwapani, maana bila hayo madonge hakuna moto na bila moto hakuna somo. Mwalimu akaanza kuita. Alipofika kwa Murt Clifford, kijana wa miaka kumi na mitatu aliyekwenda Uingereza na mjomba wake kubeba zege, sauti ikajibu kutoka dawati la dirishani.

"Nipo, Mwalimu."

Gobnait hakuinua hata kichwa. "Batt Leary, ukinichezea tena nitalikata hilo sikio nimpelekee mama yako achemshie kabichi."

"Si mimi, Mwalimu," Batt akasema. Alikuwa mtundu, lakini safari hii uso wake ulikuwa mweupe kama maziwa. "Ni Murt mwenyewe."

"Murt yuko Uingereza."

"Alikuwa huko," Batt akasema.

Dawati la dirishani halikuwa na mtu. Ila mbao zake zilikuwa zimelowa, na pale karibu palinuka saruji mbichi.

Jumapili, kanisani, padri aliomba watu wamkumbuke Murt Clifford, aliyeanguka kutoka jukwaa la mafundi huko Birmingham siku ile ile ya sauti, asubuhi na mapema. Gobnait alipiga magoti, akazihesabu siku kwa vidole.

Mtu mwingine angeacha pale pale. Gobnait hakuacha, kwa sababu aliogopa kufungiwa shule kuliko alivyoogopa sauti. Aliendelea kuyaita majina, akilipita la Murt mbiombio. Karibu na Krismasi akaita Hannie Sugrue, aliyehamia Boston na wazazi wake na mdogo wake, na Hannie akajibu. Alijibu kwa kikohozi kwanza, kisha akasema yupo. Habari za homa iliyomwua zilifika baada ya Krismasi kwisha.

Tangu siku hiyo Gobnait aliwaita waliopo darasani tu. Watoto saba. Usiku alilala taa ikiwaka.

Mkaguzi alifika mwezi wa pili bila taarifa, Bwana Prendergast, mtu mrefu mwenye mafua. Upepo wa bahari ulikuwa unausukuma moshi urudi chini kwenye bomba, na chumba kizima kilikuwa kiza cha moshi. Alikaa nyuma, akifuta machozi kwa leso.

"Mwalimu, sina ugomvi na wewe," akasema. "Wakiwa kumi, nakunywa chai yako nakwenda zangu. Wakipungua, watasoma mjini. Waite tu, nitahesabu wanaojibu. Macho yenyewe hayana kazi humu."

Gobnait aliwatazama watoto wake. Alifikiria funguo mfukoni, na Tadhg, na miaka yote ile. Akaita saba, saba wakajibu. Akaita Murt Clifford.

"Nipo, Mwalimu."

Akaita Hannie Sugrue. Kikohozi. "Nipo, Mwalimu."

Batt alifumba macho. Hakuna mtoto aliyegeuka nyuma.

"Tisa," mkaguzi akasema ndani ya leso. "Endelea, mama."

Jina lililofuata lilikuwa la Thade, mdogo wake Hannie. Miaka sita. Gobnait mwenyewe ndiye aliyemshika vidole akamfundisha kukamata chaki. Gobnait alijua sasa nani hujibu na nani hajibu. Alijua anachoomba akiomba jibu. Na aibu iliyoje, aliomba; kwa pumzi moja tu, lakini aliomba.

"Thade Sugrue," akasema.

Kisha, kwenye dawati la mbele kabisa, ambapo hapakuwa na mtu, akasikia mtoto akivuta pumzi, kama wanavyofanya wadogo kabla ya kujibu.

"Hayupo!" Gobnait akapaza sauti, na daftari likamdondoka. "Thade hayupo hapa. Yuko Boston kwa mama yake. Ni mzima. Bwana Mkaguzi, andika hayupo."

"Basi ni tisa, mama."

"Ni saba," Gobnait akasema. "Andika saba."

Pumzi ile ikashushwa, taratibu, na dawati likawa dawati.

Shule ilifungwa kabla ya Pasaka. Gobnait alikabidhi funguo, akarudi kwenye nyumba ya marehemu baba yake kufuga kuku, na watu wakasema amezeeka ghafla. Walisema kweli.

Siku moja dukani bibi yake Thade alimshika mkono. "Kajukuu kangu kalitaka kutufia huko mwezi wa pili, Mwalimu. Homa ile ile ya dada yake. Walishamwita padri. Halafu kakafumbua macho kakaomba mkate. Unajua kalisema nini? Eti kameitwa darasani, kakataka kujibu, na wewe ukakafukuza. Kalilia sana. Eti umekakatalia."

Gobnait aliweka chini kifurushi chake cha chai.

"Mwambieni nilikuwa sahihi," akasema. "Mwambieni asithubutu kuja."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Mlango ukigongwa, alikwenda kufungua kimya kimya. Hakumwita mtu kwa jina kabla hajamwona uso.