Kaboni za Muhogo

Harufu ya muhogo unaokauka juu ya mwamba hunirudisha kijijini kwetu Kisoko papo hapo: ile harufu chachu inayoganda puani mpaka kwenye gauni. Ilikuwa miaka ya sitini, nami nina miaka minane. Kila alasiri kazi yangu ilikuwa kugeuza vipande vya muhogo vikauke pande zote. Dada yangu Athieno alikuwa amerudi likizo kutoka sekondari, na nyumba nzima ilijua kwamba alikuwa ameanguka kemia. Baba alishamwambia, "Ukianguka tena, shule basi. Utaolewa kule Paya, wameshakuja kukuposa." Na baba yetu hakuwa mtu wa mzaha.

Mwalimu alikuwa amempa swali la likizo. Kaboni nne zikiungana na kubakiza mkono mmoja wazi wa kushikia kitu kingine, zinaweza kukaa kwa namna ngapi? Kundi hilo linaitwa butili, na namna zake huitwa isoma. Maskini Athieno akachonga kaboni za muhogo, akaziunga kwa njiti za ufagio, na njiti moja ndefu ikawa ule mkono. Akapata namna tano. Kitabu kikasema nne. Siku tatu alihesabu tano, hali, hacheki, nikamwonea huruma hata nikatamani niolewe mimi badala yake.

Siku ya nne aliziacha zile tano mwambani, kando ya muhogo wangu, akaenda kisimani. Mimi na mazoea yangu nikashika moja, nikaipindua, kichwa huku mkia kule. Mara akatokea. "Wewe mtoto! Nani alikutuma?"

"Nageuza muhogo tu, dada," nikasema, tayari nalia.

Aliinua kofi, likabaki hewani. Ile yenye kaboni nne kwa mstari mmoja, iliyokuwa na mkono kwenye ya tatu, sasa ilikuwa nao kwenye ya pili, sawasawa na jirani yake. "Kumbe hizi mbili ni moja!" Akanibeba, akacheka, akalia, sijui kipi kilitangulia.

Alifaulu. Watu wa Paya wakaambiwa watafute kwingine. Leo wajukuu wangu huzungusha maumbo kama yale kwenye simu kwa kidole kimoja, na akikosea mtu haozwi. Nafurahi, tena sana. Ila asubuhi ile Athieno alipopanda basi la kwenda kuendelea na masomo, nililikimbilia mpaka pumzi ikaniishia. Hatukulala tena kitanda kimoja maisha yetu yote. Mimi ndiye niliyemsaidia kuondoka, na ningemsaidia tena.