Kipande cha Moyo

Kalisizo nzima ilijua mambo mawili kuhusu Kevina. La kwanza, hakuna fundi aliyemfikia kwa kushona gomesi, gauni refu la Kiganda lenye mabega ya kusimama; mabega aliyoyashona yeye yalisimama wima hata mvaaji akiwa hoi. La pili, alikuwa senga, shangazi wa kufunda, na kwa kazi hiyo mdomo wake haukuwa na breki. Mabinti wa kaka zake wote walipita mikononi mwake. Aliwaambia ya hedhi, ya kitandani, ya mimba, na ya kumtuliza mwanamume mwenye kelele. Wakiona haya wakatazama chini, aliwainua kidevu. "Unaona haya ya nini? Mwili ni wako, au umeazima?"

Sasa mdomo huohuo ulikuwa na siri, na Kevina aliamini kwamba siri hiyo ingemtia kaburini kabla ya Krismasi.

Ilianza mwezi wa pili, kwenye shughuli ya kumaliza matanga ya mzee mmoja jirani. Kevina ni wa ukoo wa Moyo. Watu wa ukoo huo hawali moyo wa mnyama yeyote, awe ng'ombe, mbuzi au kuku, na mtoto wao hulijua hilo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Siku hiyo wapishi waligawa nyama za ndani zilizopikwa kwenye majani ya mgomba, maini, mapafu na utumbo, zote zimekatwa vidogo vidogo. Kevina alikuwa na njaa, na tena alikuwa katikati ya umbea mtamu. Akala bila kutazama. Kipande kimoja kilimgomea kidogo menoni, akakimeza na kuendelea na habari zake. Ndipo alipoona kingine kama hicho kwenye sahani ya mwenzake, na hicho kilikuwa bado na tundu la mshipa mnene. Kilikuwa kipande cha moyo.

Akaisukuma sahani yake pembeni. Angesema nini, yeye senga, mwenye kuwaonya watoto wa watu?

Siku tisa baadaye alikuwa kwenye cherehani akiunga ukosi wa gomesi ya mteja. Moyo uliruka mara moja, ukasita, kisha ukaanza kwenda mbio peke yake, kama pedali ya cherehani iliyokatika mkanda. Joto lilipanda kutoka kifuani hadi kwenye mizizi ya nywele, jasho likachuruzika mgongoni. Aliona wazi kwamba anakufa, pale pale, na uzi mdomoni. Baada ya dakika kumi moyo ulitulia wenyewe. Kevina alibaki ameshika meza, na masikioni alisikia sauti ya Senga Federesi, dada wa marehemu baba yake, aliyewaonya tangu wakiwa wadogo: mla mwiko wake, mwiko nao humla.

Kuanzia hapo hakuwa na amani. Moyo ulimvamia akipika, ulimvamia kanisani, ulimvamia akiwa ameketi tu anachambua maharage. Baina ya shambulio na shambulio alikuwa akisubiri lijalo, na kusubiri huko kulimchosha kuliko lenyewe. Usingizi ukamkimbia. Akaacha kwenda sokoni asije akaanguka mbele za watu. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na hedhi yake alikuwa hajaiona tangu kabla ya Krismasi, lakini hilo hata hakulitia maanani. Alishukuru tu kuwa ameacha kununua pamba.

Mwezi wa sita alijikokota hadi zahanati. Nesi Goreti, mwanamke mnene mwenye vicheko vya karibu, alimpima presha, akamtuma hospitali kubwa akatolewe damu na kubandikwa waya kifuani. Majibu yaliporudi aliyasoma mara mbili.

"Moyo wako mzima, nyabo. Damu nzuri, tezi nzuri. Hii ni hedhi inakoma. Homoni zinayumba, na moyo unayumba nazo. Wanawake wengi tu."

"Moyo kwenda mbio hivi ni hedhi?"

"Na joto, na wasiwasi, na kukosa usingizi. Punguza kahawa. Ukishikwa, vuta pumzi ukihesabu nne, itoe taratibu ukihesabu sita. Ukizimia au kifua kikiuma, njoo mbio, usingoje. Na kama hupati nafuu urudi, zipo dawa."

Kevina aliitikia kwa adabu na hakuamini hata neno moja. Nesi hakuwa wa ukoo wa Moyo. Waya zake zingejuaje habari ya kipande kile?

Akarudi nyumbani akajiandaa kufa, kimya kimya, kwa ufundi. Mafundi hubandika jina la mteja kwenye nguo kwa kikaratasi na pini, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka alipoanza kubandika vikaratasi kwenye nguo zake mwenyewe. Gomesi ya zambarau, mpwa wake Imakulata. Ya kijani, mke wa kaka. Ile ya buluu ya hariri, aliyopewa na Senga Federesi miaka thelathini iliyopita, siku Federesi alipogawa gomesi zake zote kwa mabinti wa kaka zake bila sababu, hiyo aliiandikia jina la Proskovia, akakibandika kikaratasi kwa ndani, kwenye pindo la kifuani.

Jambo moja tu aliliomba kwa Mungu. Afike mwezi wa nane. Proskovia, binti wa kaka yake Leonsio, alikuwa na kwanjula yake, siku ya kumtambulisha mchumba nyumbani, na senga ndiye anayeingia katikati ya wageni, anamtafuta bwana harusi aliyejificha kati ya wenzake na kumbandika ua mbele ya watu wote. Bila senga hakuna mkwe. Na senga akianguka siku hiyo, watu watasema mwanamume ana mkosi, na maneno hayo yatamfuata Proskovia hadi uzeeni. Kevina aliwaza hilo asubuhi, akaliwaza mchana, na kila alipoliwaza moyo ulianza tena.

Ijumaa, siku moja kabla, Proskovia alikuja kupokea mafunzo ya mwisho. Alipiga magoti kwenye mkeka, akasikiliza hadi mwisho.

"Senga, ni hayo tu?"

"Unataka mangapi? Nimekupa hata yale ambayo mama yako hayajui."

"Basi mbona unatoka jasho? Leo kuna baridi."

Kevina alihisi moyo unaruka. Akashika ukingo wa kiti. "Jiko hilo. Hebu nenda kanichumie majani ya mgomba, acha kunikodolea macho kama polisi."

Proskovia aliondoka shingo upande. Kevina alifunga mlango akalala sakafuni, shavu kwenye saruji ya baridi, akilia kwa hasira. Hakuogopa kufa kama alivyoogopa kufa kesho.

Jumamosi kwa Leonsio palijaa. Mahema mawili yalitazamana, la wenyeji na la wageni, na uwanja mtupu katikati. Kevina alivaa ile ya buluu, kwa sababu aliona kama ni kuiaga. Senga Federesi, miaka themanini na mmoja, aliketi kwenye mkeka karibu na mlango, akimumunya buni mdomoni na kutazama kila kitu.

Msemaji wa wageni alikuwa mtu wa maneno. "Tumekuja na kijana wetu, lakini kati ya hawa ishirini simjui ni nani. Wote wamevaa kanzu na koti, wote wanajiona wazuri!"

"Senga wetu anamjua!" akajibu msemaji wa wenyeji. "Senga, toka!"

Wanawake walipiga vigelegele, ngoma zikalia. Kevina akatoka na kikapu kidogo cha buni mkono mmoja na ua mkono wa pili. Uwanja ule haukuzidi hatua thelathini, lakini alipofika katikati uliongezeka. Alipiga magoti kuwasalimu wageni inavyopasa, na alipotaka kuinuka moyo uliruka, ukasita, ukaondoka mbio. Joto likampanda. Nyuso za wanaume ishirini zikawa uso mmoja. Miguu haikuwa na habari naye.

"Aa, senga amekwama!" msemaji wa wageni akapaza sauti. "Nilijua! Masenga wa Kalisizo hawatembei bila mafuta. Leteni bahasha, gari la senga limezima!"

Watu wakaangua kicheko. Ni kweli, masenga hufanya hivyo; hugoma kwa makusudi katikati ya uwanja mpaka wakwe watoe chochote. Mwanamke mmoja wa wageni akaja anacheza, akaweka bahasha kikapuni. Kevina hakuinuka. Akaja wa pili.

"Lo! Huyu si gari, ni lori! Ongezeni!"

Kila kicheko kilimzamisha zaidi. Vidole vilimfa ganzi. Alijaribu kuhesabu nne, hesabu ikamponyoka kwenye mbili. Akamwona Proskovia akichungulia dirishani, mkono mdomoni, yeye peke yake hacheki, na Kevina akawaza: ndiyo sasa, naanguka kwenye kwanjula ya mwanangu.

Ndipo watu walipoona jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Federesi alitema buni zake, akashika fimbo, akaja uwanjani polepole. Msemaji alifurahi kupita kiasi. "Jamani, wameleta na senga wa senga! Hapa tutauza mashamba!"

Federesi alipiga magoti karibu na Kevina, kwa taabu, goti moja baada ya lingine, akamshika kiganja kama anayemsalimia. Kidole chake kilikuwa kwenye mshipa.

"Unakimbia," alinong'ona. "Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili. Senga, nimekula moyo. Kwenye matanga. Nimekula mwiko na unanila."

"Hedhi unaiona?"

Kevina alidhani hakusikia vizuri. "Nini?"

"Nimekuuliza, unaiona?"

"Toka kabla ya Krismasi sijaiona."

Bibi kizee alifumba macho kidogo. Nyuma yao msemaji alikuwa akipatana bei ya masenga wawili, na hema zima linamshangilia.

"Kevina, mimi sikula moyo. Wala ini sikula. Na wangu ulikimbia hivyohivyo miaka mitatu. Nilikuwa nalala nimekaa. Nikajua nakufa. Hiyo gomesi uliyovaa, unadhani nilikupa kwa ukarimu? Nilikuwa nagawa urithi."

Kevina alimtazama. Miaka thelathini alikuwa ameivaa ile buluu kwenye harusi na ubatizo, akimsifu mtoaji.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Mimi senga, niseme nimekwisha? Niliona aibu. Na mimi sikuambiwa na mtu." Bibi alikikaza kiganja cha Kevina. "Nilikosa, mwanangu. Ya mwiko tutayaongea nyumbani na wazee, yana njia yake. Lakini hayo siyo yanayokukimbiza. Vuta pumzi. Taratibu. Itoe polepole kuliko ulivyoivuta."

Ni yaleyale ya Nesi Goreti. Lakini nesi aliyasema amesimama na makaratasi, na huyu aliyasema amepiga magoti kwenye vumbi, na alikuwa hai, ana miaka themanini na mmoja. Kevina alihesabu nne, akahesabu sita. Tena. Mara ya tano akazisikia tena ngoma kwa mbali, na mara ya nane akawatofautisha wanaume. Moyo ulikuwa bado unakwenda mbio. Lakini sasa alijua ni mbio za nini, na hofu ililegeza mkono wake shingoni mwa Kevina.

"Unaweza?" Federesi akauliza.

"Bado unadunda."

"Acha udunde. Utembee nao."

Kevina aliinuka. Vigelegele vilipasuka, msemaji akapiga kelele kwamba lori limewaka. Kevina alipita safu ya kwanza, akapita ya pili, akasimama mbele ya kijana mrefu aliyejifanya anafunga kamba ya kiatu. Akambandika ua kifuani kwa mkono uliolowa jasho, na pini haikumchoma.

"Mkwe wetu huyu hapa!" alisema kwa sauti iliyofika barabarani. "Na kujificha hajui!"

Jioni, wageni walipokuwa wakifunga mizigo, Kevina aliketi ndani na Federesi, miguu imenyooka, wamechoka wote wawili. Proskovia aliingia kumsaidia kuvua gomesi. Akafungua mshipi, akafungua vifungo viwili vya begani, na alipokunja pindo la kifuani akakuta pini na kikaratasi. Akakisoma.

"Senga, mbona jina langu liko hapa?"

Kevina alitazama kikaratasi, akamtazama Federesi, na Federesi akatazama ukuta. Kwa desturi msichana hupiga magoti kwa shangazi zake, na Proskovia alikuwa tayari ameanza kuinama. Kevina akamshika bega.

"Usipige magoti. Kaa hapa katikati yetu, na umwite mama yako pia," akasema. "Jana nilikudanganya. Kuna somo moja sikukupa, kwa sababu na mimi nimelipata leo."

"Na mkimaliza," Federesi akasema akiutazama ukuta vilevile, "mnirudishie gomesi yangu. Sikufa."