Nukta Mbili kwenye Konrodi ya Tatu

Mjini Naryn, fundi Dooronbek alisifika kwa mikono yake na kwa mdomo wake. Mikono ikifungua injini, mdomo ulifungua kisa, na hata watu wasio na gari walijaa uani kwake kusikiliza. Miaka thelathini kazi na porojo zilikaa nyumba moja bila kugombana, au ndivyo alivyoamini.

Siku hiyo rafiki yake wa utotoni, Mambetaaly, alimletea Volga, gari la marehemu baba yake, ikivutwa na trekta. Ilikuwa imelala bandani mwaka mzima tangu ilipoanza kugonga.

Dooronbek aliiwasha, ikagonga kama mtu aliyefungiwa chumbani. Akachomoa waya za plagi moja moja. Ya kwanza, kelele ile ile. Ya pili, ile ile. Alipochomoa ya tatu, kelele ikapungua sana.

"Silinda ya tatu. Chini huko kwenye krenki, beringi imekwisha."

"Si Zarlyk huyo!" Mambetaaly alifoka. "Kaendesha bila oili, mwana wa mtu asiye na akili."

"Mtu mwenyewe si baba yako?"

"Wewe fungua gari, bwana."

Zarlyk ni mdogo wake Mambetaaly. Aliichukua Volga kwenda mnadani At-Bashy, ikarudi inagonga. Aliapa mkate mkononi, kwa desturi ya kwao, kwamba oili ilikuwa tele. Kaka yake akamjibu kwamba hata mkate unamwonea haya. Baada ya neno hilo Zarlyk alihamia At-Bashy kwa wakwe zake, na baba yao alipofanyiwa kumbukumbu ya mwaka, hakuitwa. Na nani aliyethibitisha kosa lake? Dooronbek huyu huyu. Alisikiliza mara moja tu, bila kushika spana, akatangaza mbele ya watu: "Kelele hiyo ni ya kukosa oili."

Sasa akaingia chini ya gari, akashusha sampu, lile bakuli la oili. Oili ikikosekana, beringi zote huumia. Hizi karibu zote zilikuwa safi. Mbili tu ndizo zilizoliwa: ya tatu vibaya sana, ya pili kidogo.

Kila konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, ina kifuniko chake cha kubania beringi, kilichochongwa pamoja nayo; kikihamishiwa kwenye nyingine, beringi huliwa. Ili asichanganye, Dooronbek huvigongea nukta. Konrodi ya nukta tatu ilikuwa imefungwa kifuniko cha nukta mbili, na ya nukta mbili kifuniko cha nukta tatu. Naryn nzima hakuna fundi mwingine anayegonga nukta hizo. Yeye ndiye aliyeifunga injini hiyo, mwezi mmoja kabla ya safari ya Zarlyk. Alikumbuka hata kisa alichokuwa akisimulia siku ile, na mahali watu walipocheka.

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wa kwake ulikuwa umeponza kichwa cha mwenzake. Aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Mambetaaly alikuwa kivulini anakunywa chai. Kuvirudisha vifuniko mahali pake, kimya kimya, ilikuwa kazi ya dakika chache.

"Njoo uone," aliita.

Alimweleza yote bila kuficha wala kupamba. Mambetaaly alivigeuzageuza vile vifuniko, akavirudisha mkononi mwa fundi.

"Weka beringi mpya, ufunge. Wewe hukusema, mimi sikusikia."

"Na Zarlyk?"

"Nimfanye nini? Mimi mkubwa nikampigie mdogo magoti?"

"Magoti ni yangu. Nimeharibu mimi."

"Wewe uliharibu injini!" alisema Mambetaaly. "Yale maneno niliyasema mimi."

Dooronbek alinawa mikono kwa petroli, akavifunga vifuniko viwili katika kitambaa, akavaa koti na kushika njia ya stendi ya magari ya At-Bashy. Moyo ulikuwa mzito, ila miguu ilijua inakokwenda.

Alikuwa amekwisha pita duka la mkate aliposikia mtu anamkimbilia nyuma, anahema.

"Ngoja basi," alisema Mambetaaly. "Lakini tukifika, utaanza wewe kusema."